MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Matunda Yanapoumiza Tumbo



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya samadi wala kahawa. Tunazungumza juu ya tumbo. Utauliza, "Bwana shamba na tumbo, wapi na wapi?" Lakini chakula hutoka shambani. Kama matunda ya kibanja chako yanamwumiza mtu wa nyumbani mwako, hilo ni jambo langu pia.

Hapa Kamachumu hatukosi matunda. Tuna ndizi mbivu, mapapai, maparachichi, mananasi, maembe na mafenesi. Wengi wetu tunakula bila shida. Lakini wako watu ambao wakila embe moja tu, tumbo hujaa hewa. Hunguruma, husokota, halafu huharisha. Jirani mmoja husema, "Amerogwa." Jirani mwingine husema, "Matunda ni mabaya, mwachishe." Wote wawili wamekosea.

Kuharisha kwetu mara nyingi huletwa na maji machafu, matunda yasiyooshwa, minyoo au amiba. Basi osha matunda kwa maji safi, na mgonjwa apimwe choo. Hapo ndipo pa kuanzia. Lakini kama ametibiwa hayo yote na bado anaharisha miezi na miezi? Kama anakonda, damu yake ni pungufu, na ikiwa ni mtoto, hakui? Basi yawezekana ni ugonjwa mwingine. Unaitwa siliaki.

SILIAKI NI NINI?

Siliaki si ugonjwa wa kuambukiza. Hufuata ukoo. Mtu mwenye siliaki hawezi kula ngano, shayiri wala rai. Ndani ya nafaka hizo mna kitu kinachoitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa chapati uvutike ukiukanda. Mwili wa mtu huyu huiona gluteni kama adui. Huanza kupigana nayo, na katika kupigana huko huumiza utumbo wake wenyewe.

Fikiri juu ya mgomba. Mizizi yake ikiliwa na minyoo ya udongoni, mgomba hudhoofu. Unaweza kumwaga samadi debe kumi, lakini mgomba hauna mizizi ya kunyonya. Utumbo mwembamba nao una vitu kama vinyweleo, vidogo sana, ambavyo hunyonya chakula. Siliaki huvilaza vinyweleo hivyo. Mgonjwa anakula, lakini mwili haupati.

KWA NINI MATUNDA YANAMWUMIZA?

Matunda yana sukari yake. Moja ya sukari hizo inaitwa fruktosi. Utumbo mzima huinyonya. Utumbo uliojeruhiwa hushindwa, na sukari hiyo huteremka mpaka kwenye utumbo mpana. Huko kuna vijidudu vingi vinavyoingojea.

Wewe unajua kutengeneza rubisi. Unakamua ndizi kwenye mtumbwi, unatia mtama uliokaangwa, unafunika. Kesho yake unaona povu, na juisi inachemka bila moto. Basi jambo kama hilo hutokea tumboni mwa mgonjwa. Sukari inachachuka, hewa inajaa, maji yanavutwa, na mtu anaharisha. Maziwa pia huweza kumfanyia hivyo kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunda halikuumiza utumbo. Ngano ndiyo iliyoumiza, tunda limekuta jeraha.

NDIZI ZA NEW YORK

Jambo hili liliwasumbua hata madaktari wakubwa. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Marekani, jina lake Sidney Haas, aliandika habari za watoto wenye siliaki aliowatibu. Wakati huo watoto wengi wa namna hiyo walikuwa wakifa. Yeye aliwakataza mkate na viazi, akawapa ndizi mbivu nyingi kila siku. Watoto wakanenepa. Habari zikaenea kwamba ndizi ni dawa. Sisi Bahaya tungefurahi sana kusikia hivyo! Lakini mtoto aliyedhaniwa amepona akirudishiwa mkate, ugonjwa ulimrudia.

Aliyetambua sababu ni daktari wa Uholanzi, Willem Dicke. Hata kabla ya vita kuu ya pili alikuwa ameanza kushuku ngano. Kisha katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 Uholanzi ilipata njaa kali. Mkate ulikosekana. Watoto wake wenye siliaki wakapata nafuu wakati watu wengine wanadhoofu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Mwaka 1950 aliandika utafiti wake, na tangu hapo dunia imejua kwamba ndizi haikuwa dawa. Dawa ilikuwa kuacha ngano.

Usidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Watu wa Sahara Magharibi, hapa Afrika, zamani walikula zaidi maziwa na nyama ya ngamia. Baadaye mkate wa ngano ukawa chakula chao kikubwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika kila watoto wao 100, zaidi ya 5 walikuwa na siliaki. Nasi siku hizi mandazi na chapati vimeingia kila kijiji.

USIACHE NGANO KABLA YA KUPIMWA

Hili nakuomba ulisome mara mbili. Ukishuku ugonjwa huu, usiache ngano kwanza. Nenda hospitali ungali unaila. Daktari hupima damu, na mara nyingi huhitaji pia kutazama utumbo wenyewe kwa mpira maalumu. Mtu akiacha ngano miezi kadhaa kabla ya kupimwa, utumbo huanza kupona, na kipimo huweza kusema hana ugonjwa kumbe anao. Anza na Ndolage au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona lazima, watakuandikia barua ya rufaa, labda mpaka Bugando, Mwanza. Ni safari ya gharama, najua. Lakini kama mtoto anaharisha damu, amevimba miguu au amelegea, usingoje mavuno ya kahawa. Mpeleke leo.

AKISHAJULIKANA ANAO, ALE NINI?

Hapa mtu wa Kamachumu ana nafuu kuliko mtu wa London. Ebitoke havina gluteni. Maharage, mihogo, viazi, mahindi, mtama, ulezi, mchele, samaki, dagaa, hata senene, vyote havina. Anachoacha ni mkate, chapati, mandazi, biskuti, tambi, na bia ya chupa iliyotengenezwa kwa shayiri. Aache maisha yote, si mpaka apate nafuu tu.

Lakini ngano hujificha. Unga wa uji wa lishe wa dukani mara nyingi umechanganywa na ngano. Mama anamnywesha mtoto mgonjwa uji huo ili apate nguvu, kumbe anamwongezea maradhi. Soma pakiti. Kama imeandikwa Kiingereza, mwombe mwanafunzi wa sekondari akusomee, na umwulize: kuna ngano humu? Kuna shayiri? Mafuta yaliyokaangiwa mandazi nayo yasikaangiwe mihogo ya mgonjwa.

Na matunda? Asiyaache yote, maana mwili wake uliokonda unayahitaji. Katika ndizi mbivu sukari za aina mbili zinakaribiana, na moja husaidia nyingine kunyonywa. Hata papai na chungwa huwafaa wengi. Embe, tikiti maji na asali vina fruktosi iliyozidi, kwa hiyo huwasumbua zaidi. Aanze na nusu ya ndizi baada ya chakula, si asubuhi tumbo likiwa tupu. Akiona salama, aongeze. Juisi aiache kwanza, kwa kuwa bilauri moja ni matunda mengi yaliyokamuliwa pamoja.

Sasa unajua kuandika. Chukua daftari. Andika siku, tunda, kiasi, na tumbo lilivyokuwa. Baada ya wiki tatu utajua tunda gani linakuonea na lipi unalisingizia. Mpe daktari alisome pia. Tunda lililokushinda mwezi huu lijaribu tena baada ya miezi kadhaa bila ngano, kwa sababu vinyweleo huota upya. Kwa watoto huota upesi. Kwa mtu mzima huweza kuchukua mwaka, miwili au zaidi.

Wengine wameuliza juu ya hostia ya kanisani. Nayo ni ngano, hata ikiwa ndogo. Wakatoliki wazungumze na padri, kwa maana kanisa linaruhusu mgonjwa wa namna hii kupokea divai peke yake. Walutheri wamwone mchungaji mapema, kabla ya Jumapili, si pale mezani pa Bwana watu wakiwa wamepanga mstari.