Kuku Wako Kala Dagaa wa Nani?

Tuseme ukweli, hapa chuoni sahani ndiyo kalenda yetu. Bumu likiingia, foleni ya chipsi kuku inafika barabarani. Likikata, wote tunarudi kwenye ugali dagaa, tena wengine tunakula kwa kujificha, kana kwamba ni aibu. Nami nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka jana.

Nilipangiwa shule moja kando ya Ziwa Victoria, nifundishe Baiolojia kidato cha pili. Mada ilikuwa mnyororo wa chakula. Nikachora ubaoni kama nilivyochorewa mimi: nyasi, swala, simba. Nikawaambia kwamba kila ngazi ikipita, nishati inayofika ngazi ya juu ni kama asilimia 10 tu. Wakaandika, wakakariri kwa Kiingereza, nikaona kazi imekwisha.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mama anauza dagaa kwa watu wa chakula cha kuku. Sasa hapo sisi na wale kuku, nani yuko juu?"

Darasa likacheka. Nikacheka nao, halafu nikakosa jibu. Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ilikuwa inaingia dirishani, na mimi nahangaika na simba ambaye sijawahi kumwona kwa macho yangu. Nikamwambia tutajibu kesho.

Usiku nikakaa na kalamu. Mwani wa ziwani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Tuseme umehifadhi vipimo 10,000 vya nishati. Vidudu vidogo vinavyoelea majini vikila mwani huo, miilini mwao vinabaki 1,000. Dagaa akila vidudu, anabaki na 100. Mtu akimla dagaa huyo, 10 zinaingia mwilini mwake. Lakini dagaa akisagwa akapewa kuku, zile 10 ni za kuku, na mtu anayemla kuku anaambulia 1.

Zilizobaki zimekwenda wapi? Dagaa ameogelea, kuku amekimbia, wote wamepumua, na sehemu ya chakula imetoka kama kinyesi. Kinyesi kitaoza, mbolea itarudi kwenye mmea. Ila joto lililotoka miilini halirudi. Maji na mbolea huzunguka. Nishati ina safari ya kwenda tu. Ndiyo maana kila siku tunalihitaji jua upya.

Hiyo asilimia 10 ni makadirio, mahali pengine ni 5, pengine 20. Aliyetufungulia njia ya hesabu hii ni kijana wa Kimarekani, Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo huko Minnesota. Wahakiki waliikataa makala yake mwanzoni. Ilipotoka mwaka 1942, yeye alikuwa ameshafariki, ana miaka 26. Miaka minne tu mbele yangu! Na alianza na ziwa lililokuwa karibu naye, si simba wa mbali.

Kesho yake nikafuta simba. Tukahesabu kwa dagaa, na binti akapata jibu lake: anayekula kuku yuko juu zaidi, lakini katika mnyororo huu, juu ndiko kunakofika kidogo. Darasa lilichangamka ajabu. Kisha kengele ya chakula ikalia, wenzake wakapanga foleni ya makande, yeye akabaki chini ya mti. Mchango wa chakula ulikuwa haujalipwa nyumbani.

Jamani, hapo ndipo hesabu yangu iliponichoma. Dagaa wa mama yake wanapita mbele ya shule kwenda kwa kuku wa mjini, na mtoto anashinda njaa darasani akijifunza nishati.

Najua mtaniambia nini. Mama anahitaji hela ya haraka. Dagaa wakinyeshewa mchangani hawafai tena kwa watu. Kuku mwenyewe hali dagaa watupu, sehemu kubwa ni pumba na mahindi, na yai ni lishe nzuri pia. Yote kweli, na simlaumu mama wala mfugaji. Walioharibika waende kwa kuku. Ninachosema ni kwamba dagaa wazuri, wenye protini, madini ya chuma na chokaa ya mifupa, waanze kwa watoto wa pale pale walipovuliwa.

Na jambo hilo halihitaji mradi mkubwa. Shule nyingi hupokea mahindi na maharage kama mchango wa mzazi. Kwa nini mzazi wa ziwani asilete dagaa wakavu? Mwenye dagaa huyo anadaiwaje chakula?

Kwa wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda mazoezini: kabla hujachora simba, chungulia dirishani uone watu wa hapo wanakula nini na wanauza nini. Anzia hapo. Halafu ukimaliza kipindi, angalia nani amebaki nje ya foleni, ukaseme kwenye ofisi ya walimu. Mimi nilikaa kimya, nikijiambia mimi ni mgeni tu. Bado najuta.

Na bumu likikata, kula dagaa wako hadharani.