NANI ANAWAPIMA VIJANA WETU?



Kijana wa Bombo husema Chasu nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hubebeshwa Kiingereza. Akivuka vikwazo vyote hivyo, akapata digrii yake na kutaka masomo ya juu Marekani, viko vyuo ambavyo bado vinamdai matokeo ya mtihani wa GRE. Ndani ya mtihani huo mna insha. Kijana huketi mbele ya kompyuta, akapewa hoja moja asiyoichagua, na dakika 30 za kuipiga chapa kwa Kiingereza. Ada inazidi dola 200, mbali na nauli ya kushuka mlimani na malazi ya mjini.

Nani anasahihisha? Mtu mmoja na mashine! Mashine hiyo, iitwayo e-rater, haijui kweli wala uongo. Hutazama urefu wa insha, maneno yake na makosa ya sarufi. Mwaka 2014 Les Perelman, aliyepata kufundisha uandishi chuoni MIT, alitengeneza pamoja na wanafunzi programu ya kutunga upuuzi wenye maneno makubwa. Mashine za kusahihisha zikaupa upuuzi huo alama za juu. Basi mpiga domo hupita, na mwenye maneno machache yaliyonyooka, kama wazee wetu barazani, hupunjwa.

Watetezi watasema mashine ikitofautiana na mtu, huitwa msahihishaji wa pili. Vema. Basi mashine ni ya nini, kama si kubana mishahara ya wasahihishaji? Na hao wanaoiita mizani ya haki waandike hoja nusu saa kwa Chasu, tuone alama zao! Wenyewe wameanza kurudi nyuma: mwaka 2023 GRE ilipunguza insha mbili kuwa moja, na GMAT, mtihani wa vyuo vya biashara, katika toleo jipya la mwaka huo huo iliitupa insha kabisa.

Upare tunajua habari ya kukadiriwa na wasiotujua. Mwaka 1945 maelfu ya watu wetu walishuka Same kupinga kodi ya mbiru, na kodi ile ikafutwa.

Vyuo vya Tanzania visithubutu kuiga mashine hii. Wakati huo huo vijana wasiachwe mikono mitupu. Sekondari za milimani zipewe kompyuta zinazofanya kazi, na vipindi vya kupiga chapa. ETS, wenye mtihani, huzitangaza hoja za insha wazi bila malipo. Tawi la Bombo lizibandike ofisini mwezi huu.