Filamu nayo ni bidhaa, ipewe njia Mpondwe

Pale Mpondwe kila mzigo una jina lake forodhani: samaki wakavu, chumvi ya Katwe, saruji, mawese, mbao, kahawa. Kuna mzigo mmoja tu unaovuka kila siku bila jina, nao ni filamu. Huvuka ndani ya simu na flashi, huonyeshwa katika vibanda vya video vya Bwera na Kasese, na mara nyingi aliyeitengeneza hapati hata shilingi moja. Wafanyabiashara wa mpakani wana sababu ya kulitaka jambo hili lirekebishwe, na historia inaonyesha kwa nini.

Wengi hudhani filamu za Kiswahili zimeanza juzi Dar es Salaam. Sivyo. Mwaka 1935 studio ilifunguliwa Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, chini ya Meja L. A. Notcutt, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Waigizaji walikuwa Waafrika. Kufikia mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi zaidi ya 30 kuhusu afya, kilimo na maisha ya kila siku. Sauti iliwekwa kwenye santuri, hivyo picha ileile iliweza kusimuliwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Lori lenye mashine ya kuonyeshea lilizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, likafika hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Moja ya filamu hizo ingemgusa mchuuzi yeyote wa leo. Ilihusu watu wawili wenye fedha: mmoja akazifukia ardhini zikaibwa, mwingine akaziweka katika benki ya Posta.

Lori lile lilipita mipaka kwa urahisi kwa sababu nchi zote hizo zilikuwa chini ya Mwingereza. Ng'ambo ya mto Lhubiriha alitawala Mbelgiji, na huko mapadri wa Kikatoliki walitengeneza filamu zao, wakiwemo wale wa Bukavu. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule, watu wa lugha moja, wakapangiwa cha kutazama na mabwana wawili tofauti.

Vugiri haikudumu. Fedha za mfadhili zilipokwisha mwaka 1937, serikali za kikoloni hazikuwa tayari kubeba gharama, studio ikafungwa. Wazee wa Kasese wanaielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kuifuata shaba ya Kilembe, na mji ukakua kandokando ya stesheni. Uchimbaji ulipokoma, treni nazo zikaja kukoma. Kilichoendelea kuishikilia Kasese ni pamoja na soko: watu waliokuwa wakinunua na kuuza kwa mitaji yao wenyewe.

Filamu pia inaweza kushikiliwa hivyo. Tazama Wakaliga, mtaa wa hali ya chini jijini Kampala. Tangu mwaka 2005 Isaac Nabwana anatengeneza filamu za mapigano pale nyumbani kwake. Ile ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa duniani kote. Hakusubiri mfadhili aanze. Majirani walikuwa waigizaji, mafundi wa mtaa waliunda silaha za maigizo kwa vyuma chakavu, na waigizaji wenyewe walitembeza diski nyumba kwa nyumba, wakiwahi kuuza kabla wezi wa kunakili hawajawapita. Huo ni uchuuzi kama wa Bwera.

Tatizo huanza kwenye mpaka. Filamu iliyokaguliwa na Bodi ya Filamu ya Tanzania bado ina mlango mwingine Kenya na mwingine tena Uganda. Mwenye mtaji mdogo hawezi kulipia milango yote hiyo, kwa hiyo filamu yake inapita njia za panya, bila risiti na bila malipo kwake.

Dawa tunayo tayari katika bidhaa nyingine. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi moja mwanachama ikubaliwe katika nchi nyingine. Yeyote aliyevusha unga au sabuni anajua thamani ya alama hiyo, hata kama utekelezaji wake husuasua. Filamu ipewe utaratibu kama huo: ikaguliwe mara moja, cheti chake kiheshimiwe kote, na mwenye kibanda alipe ada ndogo inayomfikia mtengenezaji.

Watakuwapo wa kusema kwamba kila nchi ina maadili yake. Ni kweli, na nchi inaweza kubaki na haki ya kuzuia filamu mahususi kwa sababu iliyoandikwa. Wenye vibanda nao watasema ada itawaumiza. Lakini leo hii bidhaa yao yote ni ya wizi, na siku yoyote askari anaweza kuingia na kuichukua. Ada ndogo yenye risiti ni nafuu kuliko hofu hiyo.

Wakati wenyewe umefika. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya, na mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kiswahili ambacho wanawake wa soko la Lhubiriha hupatania bei na wenzao wa Kasindi ndicho kinachoweza kuuza filamu kutoka Dar es Salaam hadi Butembo na kwingineko.

Vyama vya wafanyabiashara vya Mpondwe hukutana na maofisa wa forodha kuzungumzia ushuru na vizuizi. Katika kikao kijacho, filamu iandikwe kwenye ajenda pamoja na samaki na saruji.