Utasa: Waume nao wapimwe
Ndoa inapokosa mtoto, lawama humwangukia mke. Ndiye anayepelekwa hospitalini na hata kwa waganga, huku mume akiamini kuwa nguvu zake za kiume ni ushahidi tosha kwamba hana kasoro. Dhana hiyo ni potovu. Mwanamume mwenye nguvu anaweza kuwa na mbegu chache au zisizo na kasi.

Mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa takriban mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na utasa maishani. Karibu nusu ya visa huhusisha kasoro upande wa mume.

Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mke. Mishipa iliyovimba kwenye korodani hurekebishwa kwa upasuaji, nayo maambukizi hutibiwa kwa dawa. Mume akikataa kupimwa, mke ataendelea kutibiwa maradhi asiyo nayo.