Sikukuu zetu na muziki wa ufukweni: nani amemshika mtoto mkono?



Mchana wa sikukuu katika jiji la Dar es Salaam una njia zake zinazojulikana. Watu wakishaswali Idd na pilau ikishaliwa, makundi ya vijana na watoto kutoka Tandale, Mwananyamala na Kinondoni huelekea Coco Beach, na wenzao wa Tandika, Temeke na Mbagala huvuka kwenda fukwe za Kigamboni, ama kwa pantoni ama, tangu mwaka 2016, kwa daraja. Huko kuna mihogo na mishikaki, kuna muziki wa sauti kubwa, na pombe haiko mbali. Mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na joto la kaskazi limeshika, mambo huwa hayo hayo, na mwaka mpya hupokelewa kwa muziki hadi usiku mkubwa.

Misikitini tumelizungumza sana jambo hili, na takriban mara zote tumelizungumza kwa upande mmoja: hukumu ya muziki. Msimamo wa wanazuoni wengi wa madhehebu manne kuhusu ala za muziki unajulikana, na wachache waliohitilafiana nao, kama Ibn Hazm, nao wanajulikana. Hatukusudii kuufungua upya mjadala huo katika ukurasa huu. Ama pombe, mchanganyiko usio na mipaka, na Maghribi na Isha zinazopita mtu akiwa mchangani, hayo hayana mjadala. Swali tunalolikimbia ni jingine: aliyempeleka mtoto pale ni nani?

Jibu ni sisi wazazi. Tumempa mkono wa Idd, tumemvalisha nguo mpya, tukamwambia aende na wenzake na arudi mapema. Mkubwa katika msafara huo pengine ana miaka kumi na miwili.

Taifa hili lilikwisha kuona mwisho wa desturi hiyo, tena mbali na bahari. Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitr, mjini Tabora, watoto karibu 20 walifariki dunia katika ukumbi wa burudani walikokwenda kusherehekea disko toto. Ukumbi ulijaa kupita kiasi, hewa ikapungua, wakakanyagana. Baada ya maafa yale Serikali ilipiga marufuku disko toto, na kwa miaka iliyofuata Jeshi la Polisi limekuwa likilikumbusha katazo hilo sikukuu zinapokaribia. Lakini katazo hufunga mlango wa ukumbi tu. Mtoto mwenye hela mfukoni na asiye na mtu wa kumwongoza alitoka ukumbini akaenda ufukweni, ambako hakuna mlango wa kufungwa.

Na ufukwe una hatari yake, ambayo wazee wetu wa pwani waliijua vyema na sisi wa Mbagala na Tandale tumeisahau. Idd el Fitr huja siku zote na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo huja na bamvua. Siku hizo maji hukupwa mbali sana asubuhi, kisha hujaa kwa nguvu hadi kufikia kilele chake alasiri, saa kumi au kumi na moja hivi, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hapa Dar es Salaam huzidi mita tatu. Maana yake ni kwamba mtoto aliyefika mchana akaona mchanga mpana na maji ya magotini, ndiye yule yule anayecheza humo wakati bahari inapanda, nao muziki umeshamiri na hakuna anayesikia mtu akipiga kelele. Idd el Hajj, inayoangukia mwezi kumi, huwa na maji yaliyotulia zaidi. Mvuvi yeyote wa Feri atakueleza hayo bila kufungua kitabu.

Je, dawa ni kuwafungia watoto ndani? Sira haituelekezi huko. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idd Abubakar (RA) aliingia kwa binti yake, Bibi Aisha (RA), akakuta vibinti viwili vikiimba, akakemea. Mtume (SAW) akamzuia, kwa kuwa kila watu wana sikukuu yao na ile ilikuwa sikukuu yetu. Na Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini, Mtume (SAW) alimsitiri Bibi Aisha ili atazame, akabaki amesimama naye mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Tuitazame vizuri habari hii. Hakumnyima mchezo, wala hakumwachia aende peke yake. Alisimama.

Ndugu zetu wa Visiwani wamehifadhi sehemu ya jambo hilo. Unguja watoto hupelekwa viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja na Kariakoo, na Pemba kuna Tibirinzi, nao husherehekea siku kadhaa jamaa zao wakiwa karibu. Si kwamba kule hakuna kasoro. Muziki upo na kelele zipo. Lakini mtoto ana mahali pake panapojulikana, na mama anajua amtafute wapi jua likizama. Kinondoni na Temeke zina viwanja vya shule, zina madrasa zenye vijana hodari wa kasida na dufu, zina kina baba wenye mipira. Kinachokosekana ni kamati ya msikiti kukaa katikati ya Ramadhani, si usiku wa mwandamo, na kugawana kazi: nani ataomba uwanja, nani atapika, nani atawachunga wanaotaka kuogelea, tena asubuhi maji yakiwa yamekupwa.

Muda wa kujizoeza si mrefu. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, na kwa hesabu za kalenda, siku moja mbele au nyuma kwa kutegemea mwandamo, mkesha wa mwaka mpya wa 2031 utaangukia wiki ya kwanza ya mfungo. Mkesha wa 2032 utakuwa katikati yake. Na usiku wa tarehe 31 Desemba 2032, muziki utakapokuwa ukilia ufukweni, sisi tutakuwa ndani ya kumi la mwisho, katika nyakati za kuutafuta Laylatul Qadr. Mtoto anayeingia darasa la kwanza sasa atakuwa na miaka 12 au 13.