NDEGE ZA DAWA: ZIKIJA, ZIKAE



Wenzetu wawili waliorejea juzi kutoka Endasak, wilaya ya Hanang, walikokwenda kununua maharage, wametuletea suali tusilolitazamia kwa watu wa bara. Wenyeji wa huko hawajasahau Disemba 2023, tope na mawe yaliposhuka Mlima Hanang, yakaua watu zaidi ya 80 na kuziba njia ya Katesh. Wakauliza: njia ikizibwa tena, kwa nini dawa isipite juu, kwa zile ndege ndogo zisizo na rubani?

Sisi twaona suali hilo latuhusu zaidi kuliko wao. Njia yao huzibwa mara moja kwa miaka mingi. Bahari yetu ipo kila siku. Mchumaji akianguka mkarafuuni na damu ikampotea, hata akifikishwa hospitali huenda damu ya aina yake isiwepo. Na mtu wa Kojani au Kisiwa Panza anajua dawa huchelewa vipi kusi likivuma.

Jambo hili limekwisha jaribiwa kwa watu wa kisiwa kama sisi. Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani walirusha ndege ya namna hiyo kutoka Mwanza hadi Ukerewe. Haichukui mgonjwa, huchukua dawa, na hurudi na vipimo vya maabara. Kilomita 60 za juu ya ziwa ilizikata kwa dakika 40 hivi, na kwa njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na saa zipatazo sita. Miezi sita ikatimia, majaribio yakaisha. Kabla ya hapo, Agosti 2017, ilitangazwa huduma kubwa ya kampuni ya Zipline, ianzie Dodoma mwaka uliofuata. Mwaka ukapita, haikuanza.

Rwanda mambo yalikwenda vingine. Huko Zipline ilianza Muhanga mwaka 2016, na Serikali yenyewe ndiyo inayolipia kazi. Hospitali haina haja ya kulimbika damu nyingi, huagiza inapohitaji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Hapana shaka ndege zao ni nzuri, lakini kilichoziweka angani miaka yote hii ni fungu la fedha na daftari la maagizo.

Basi hatuzikatai. Tumechoka tu na vyombo vinavyopokewa kwa ngoma kisha vikaozea bandani. (Kila tawi lina chake, hatuna haja ya kuvitaja.) Zikiletwa Pemba, yafaa tuulize mapema: mwaka wa tatu, wageni wakishaondoka, nani atalipa? Betri zikichoka zatoka wapi? Na warushaji ni vijana wetu? Wapo wanaoweza: tangu 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wamerusha ndege hizo kupiga ramani ya visiwa vyetu. Wala boti ya wagonjwa isiuzwe kwa kuwa ndege imekuja.

Halmashauri imekusudia kuiandikia Wizara ya Afya maswali hayo kabla ya msimu kufunguliwa. Matawi yenye visiwa vidogo yatuletee hesabu ya safari zilizokwama mwaka jana kwa ajili ya bahari, na mgonjwa alikuwa akingojea nini.