Acheni Kuiba SPSS, Jifunzeni R

Jamani, hadi lini tutawafundisha wanafunzi wetu takwimu kwa nakala za wizi za SPSS? Wanakariri pa kubofya tu. Wakiikosa SPSS kazini, ujuzi kwisha.

R ipo! Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, na toleo 1.0.0 likatoka mwaka 2000. Ni programu huria: unaipakua bila kulipa hata ndururu, na kumnakilia rafiki si wizi.

"Lakini R inataka kuandika amri!" Hiyo ndiyo faida yenyewe. Ukizihifadhi, msimamizi wako ataona kila hatua na kupata jibu lile lile. SPSS pia ina amri, lakini nani huzifundisha?

Leo andika mean(c(4, 7, 10)). Itakujibu 7. Ugumu uko wapi?